Jirani tunayemkimbia hadi siku ya msiba

Kila mwanzo wa Desemba, katika mji huu wa Ohio ambako ofisi yetu ni meza moja na kompyuta mbili, bahasha nyeupe huingia kwenye masanduku ya barua. Ndani yake mna kalenda ya mwaka unaokuja, yenye picha za mashamba yaliyofunikwa na theluji. Chini ya kila mwezi limeandikwa jina la nyumba ya mazishi iliyoko barabara ya tatu kutoka hapa, pamoja na namba ya simu inayopokelewa saa 24. Pamoja na kalenda kuna kadi ya mwaliko: Jumapili jioni, familia zote zilizofiwa mwaka huu zinakaribishwa kuwasha mshumaa, kutundika jina la marehemu wao kwenye mti wa Krismasi na kunywa chai. Hakuna kiingilio.

Tuseme ukweli, bahasha hiyo haidumu katika nyumba nyingi za Waswahili wa mji huu. Mama mmoja tunayemheshimu sana, ambaye hutuletea maandazi ofisini siku za Ijumaa, aliishika kwa ncha za vidole, akauliza: "Hawa anwani yangu wameipata wapi? Huu ni uchuro, wanangu. Mtu hajafa, tayari wanamwandikia." Akaitupa kalenda na mwaliko wake kwenye pipa la taka. Hatukubishana naye, kwa kuwa mkubwa habishiwi na maandazi yake yangali mdomoni. Lakini leo tunaomba ruhusa yake tubishane kidogo.

Kwa wasomaji wetu walio nyumbani, yafaa tueleze kwanza nyumba ya mazishi ni kitu gani, maana tunajua wengi watadhani ni mochwari. Siyo mochwari ya hospitali. Huku Marekani mtu akifa, awe amefia hospitali au kitandani kwake, mwili kwa kawaida huchukuliwa na kampuni yenye leseni ya jimbo. Hiyo ndiyo inayouhifadhi kwenye baridi, inayouosha na kuuvalisha, inayoshughulikia cheti cha kifo na kibali cha kuzika, inayotoa ukumbi wa kuagia, gari la kubebea jeneza na watu wa kuongoza msafara hadi makaburini. Kazi ambazo kwetu hugawanywa kati ya wajomba, mashemeji, majirani, shehe au padri, vijana wa kuchimba kaburi na akina mama wa masufuria, huku hufanywa na watu wanne waliovaa suti nyeusi. Majirani huleta chakula na kadi, kisha hurudi makwao. Turubai halifungwi, jamvi halitandikwi, na hakuna anayelala matanga.

Nyingi ya nyumba hizi zilianzia kwa maseremala. Fundi wa makabati na vitanda ndiye aliyeweza kutengeneza jeneza, na kidogo kidogo akawa ndiye mzikaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoeneza desturi ya kutia maiti dawa isiharibike, ili askari waliofia mbali warudishwe kwa mama zao. Na mwaka 1865 mwili wa Rais Abraham Lincoln, uliotiwa dawa hiyo, ulisafirishwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, Illinois, watu wakiuaga njiani kwa maelfu. Kwa hiyo hata Wamarekani walianza na jambo lile lile linalotusumbua sisi leo, namna ya kumrudisha kwao aliyefia ugenini. Baadaye, katika miji mingi midogo, hadi miaka ya 1960 na hata 1970, gari lililobeba maiti ndilo lililobeba pia wagonjwa kwenda hospitali, maana ndilo ambalo mtu angeweza kulazwa ndani yake. Mwenye nyumba ya mazishi alikuwa jirani wa kila siku. Alijua nani ana pumu na nani anakaribia kujifungua.

Kwa ndugu zetu Wamarekani weusi ujirani huo ulikuwa mzito zaidi, kwa kuwa wakati wa ubaguzi nyumba za mazishi za Wazungu nyingi hazikuwataka hata wakiwa maiti. Wenye nyumba za mazishi weusi wakawa miongoni mwa wachache waliokuwa na fedha ambazo hazikutoka mkononi mwa Mzungu. Mwaka 1955 mwili wa kijana Emmett Till, aliyeuawa Mississippi akiwa na umri wa miaka 14, ulipokelewa Chicago na nyumba ya mazishi ya A. A. Rayner, mama yake alipotaka jeneza liachwe wazi ili dunia ione walichomfanyia mwanawe, likaachwa wazi. Mwaka 1963 huko Birmingham, A. G. Gaston, tajiri mweusi aliyekuwa na nyumba ya mazishi pamoja na biashara nyingine, alitoa fedha za dhamana ili Martin Luther King atoke gerezani. Na vile vipepeo vya karatasi ambavyo waumini walijipepea navyo makanisani wakati wa joto, mara nyingi nyuma yake palikuwa na tangazo la nyumba ya mazishi. Kalenda ya jirani yetu ni ndugu wa vipepeo hivyo.

Tumerudi nyuma hivyo kwa sababu wapo wanaodhani mialiko hii ya Krismasi ni ujanja mpya wa kutafuta wateja. Ni desturi ya zamani, na kwa sehemu imejengwa juu ya jambo ambalo kila aliyefiwa analijua: sikukuu ndiyo siku mbaya kuliko zote. Wenzetu hapa hukutana mezani Alhamisi ya nne ya Novemba kwa sikukuu ya Shukrani, kisha Krismasi, kisha mwaka mpya, na kila meza kiti kitupu kinaonekana upya. Nani mjini ana orodha ya familia zote zilizofiwa mwaka huu? Kanisa lina ya kwake, msikiti una wa kwake. Orodha pana kuliko hizo iko kwa mzikaji. Ndiyo maana huandaa mishumaa, hukusanya midoli ya watoto maskini, na wengine husaidia kuweka mashada kwenye makaburi ya wanajeshi, kazi iliyoanza mwaka 1992 wakati mfanyabiashara mmoja wa Maine alipopeleka mashada yake yaliyobaki kwenye makaburi ya Arlington. Wazazi waliofiwa na watoto nao wana jioni yao tangu mwaka 1997: Jumapili ya pili ya Desemba, saa moja usiku, mishumaa huwashwa nchi hadi nchi kwa kufuata saa za kila mahali.

Hata hivyo hatujakaa huku miaka yote hii bure. Wahenga walisema kufa kufaana, na hakuna mahali methali hiyo imefunguliwa duka kama Marekani. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu, The American Way of Death, akieleza jinsi wafiwa walivyouziwa majeneza ya bei mbaya wakati ambapo machozi hayawaruhusu kusoma risiti. Kampuni moja kubwa iliyoanzishwa Houston mwaka 1962 imenunua nyumba za familia kwa mamia, na mara nyingi huacha jina la babu pale mlangoni, mpita njia akidhani wajukuu ndio wangali ndani. Kwa takwimu za chama chao wenyewe wazikaji, mwaka 2023 mazishi ya kawaida ya kuaga mwili na kuzika yaligharimu wastani wa dola 8,300, na hapo bei ya kaburi haijatajwa. Kalenda ya bure, basi, ina mwenye kuilipia.

Sasa tuseme lililotupeleka kule Jumapili iliyopita.

Mwezi wa Februari mwaka huu alifariki mwenzetu mmoja, mfanyakazi wa usiku katika ghala la mizigo. Mkewe na watoto wako nyumbani. Hapa hakuwa na ndugu wa damu, alikuwa na sisi. Usiku ule ule yakaundwa makundi matatu ya WhatsApp, kila moja likiwa na mweka hazina wake. Hospitali ikauliza mwili unachukuliwa na nani, na mmoja wetu akatafuta kwenye simu, akapata nyumba ya mazishi ya mji wa jirani, wakaja wakauchukua. Hakuna aliyeuliza bei. Kwetu kuuliza bei mbele ya maiti ni aibu, na kupunguza bei ya jeneza ni aibu kubwa zaidi. Tukakubali kila kilichotajwa: dawa ya kuhifadhi, jeneza la chuma, ukumbi wa siku mbili, na ada ya kila siku ya kuutunza mwili.

Kisha tukaanza kubishana. Baba mdogo wa marehemu alipiga simu kutoka nyumbani akasema mtoto wao azikwe kwao, na maneno yake yalikuwa ya haki. Wengine wakasema fedha hazitoshi. Wengine wakataka kwanza wajue marehemu mwenyewe alitaka nini, na kumbe kila mtu alikuwa na lake alilolisikia. Siku zikapita 19. Michango ilipohesabiwa, sehemu nzuri ya kile tulichokichanga kwa ajili ya safari ilikuwa imeliwa na ada ya kusubiri safari. Mwishoni tulimhamishia kwenye nyumba hii ya hapa mjini, wakamzika kwenye makaburi ya mji, ardhi ikiwa imeganda hata mashine ilichimba kwa tabu. Mjane aliomba picha ya kaburi. Tulimtumia, na tulichagua ile ambayo theluji haionekani sana.

Tunayasema haya bila kutafuta wa kumlaumu nje. Ile nyumba ya kwanza ilitoza ilichotoza kwa sababu tulisaini. Lawama kubwa ni yetu, sisi tunaojua bei ya tiketi ya kila shirika la ndege na bei ya kutuma dola 100 nyumbani kwa njia nne tofauti, lakini hatukujua jambo moja kuhusu kifo katika nchi tunayoishi.

Jumapili ile tulikwenda watatu. Mti ulikuwa mkubwa, na kwenye meza pembeni palipangwa vibao vidogo vya mbao vya duara, kila kimoja na jina. Palikuwa na wazee wengi, wakulima wenye mikono mipana, na binti mmoja aliyekuja peke yake akiwa na vibao viwili. Hakuna aliyetuuzia kitu. Mwenye nyumba alisoma majina taratibu. Alipofika kwa mwenzetu alisita, akalisoma vibaya, akasimama, akatutazama pale tulipokaa, akalirudia mpaka likawa sawa. Halafu akaendelea na jina lililofuata. Tulipokuwa tunakunywa chai tulimwuliza maswali ambayo tungepaswa kumwuliza Januari, naye aliyajibu yote, akatupa karatasi ya bei tuondoke nayo.

Karatasi hiyo si hisani yake. Tangu mwaka 1984 kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu inamlazimu kila mwenye nyumba ya mazishi kumpa orodha ya bei yeyote anayefika kuuliza, na kumtajia bei kwa simu akipiga, hata asipotaja jina lake. Mteja ana haki ya kuchagua kitu kimoja kimoja, badala ya kubebeshwa furushi zima. Akinunua jeneza kwingine, hairuhusiwi kumtoza ada kwa kulileta. Wala hairuhusiwi kumwambia kwamba sheria inataka maiti atiwe dawa mahali ambapo sheria haitaki hivyo. Mambo haya manne yangetuokolea fedha za kutosha kumpeleka mwenzetu kwao, au kuwasomesha watoto wake miaka kadhaa.

Ndugu zetu Waislamu watatuambia kwamba mti wa Krismasi hauwahusu, na ni kweli, hatuwaiti kwenye mti. Tunasema jirani huyu wamjue siku nyingine yoyote. Wamwulize kabla ya haja: pana mahali pa kuoshea maiti kwa utaratibu wetu? Atakubali tuje na sanda yetu? Anaweza kupata kibali cha kuzika siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni mkesha wa sikukuu na ofisi za serikali zinafungwa mapema? Makaburi anayoyatumia yanadai sanduku la zege ndani ya kaburi? Mara nyingi hilo la zege ni sharti la wenye makaburi, siyo sheria ya jimbo, kwa hiyo linazungumzika. Lakini halizungumziki saa nne asubuhi wakati maiti anasubiri kuswaliwa adhuhuri. Na sikukuu zetu nazo zije. Kwetu wapo wanaozuru makaburi asubuhi ya Idi. Jumuiya yetu ikimwalika mwenye nyumba ya mazishi kwenye baraza la Idi, akala biriani, akajua majina yetu yanavyotamkwa, atakuwa amejifunza kuliko tutakavyoweza kumfundisha siku ya kilio.

Kuna jambo jingine gumu, nalo ni nani mwenye neno. Wasomaji wa Kenya wenye umri wa kutosha hawajasahau. Wakili mashuhuri wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki tarehe 20 Desemba 1986, siku tano kabla ya Krismasi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maneno aliyodaiwa kuyasema akiwa hai yakabishaniwa mahakamani, na mwili ukakaa mochwari miezi mitano mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo ushindi Mei 1987. Huyo alikuwa mwanasheria, katika nchi yake, mke na ukoo wote wakiwa saa chache kutoka alipolala. Sisi tuna mke Kigoma, baba mdogo Bukavu, mtoto Toronto, na makundi matatu ya WhatsApp. Sheria ya Ohio inamruhusu mtu mzima kuandika karatasi ya kumteua atakayeamua juu ya mwili wake, akatia saini mbele ya mashahidi wawili au mbele ya notari. Majimbo mengine yana taratibu zao. Ni karatasi ya jioni moja, na tunakiri kwamba katika ofisi hii yenye watu watatu, hadi wiki iliyopita hakuna aliyekuwa nayo.

Tunajua kwa nini. Kuiandika ni kujibu swali tunalolikimbia kuliko kifo chenyewe, yaani tutazikwa wapi. Kwa wengi wetu jibu ni moja tu, nyumbani, wala hatulicheki. Mchagga anayerudi Kilimanjaro kila Desemba anakuta kaburi la babu yake kati ya migomba, hatua chache kutoka jikoni. Kumwambia azikwe kando ya barabara kuu ya Ohio ni kumtenga na watu wake. Anayetaka kurudishwa arudishwe. Lakini ajue kwamba gharama yake si ajabu ikapita dola 10,000, kwamba panahitajika hati za ubalozi, cheti, kibali, jeneza la kusafiria na nyumba ya mazishi ambayo shirika la ndege linaitambua, na kwamba katika wiki mbili za mwisho wa Desemba balozi hufungwa, ndege hujaa na ofisi za kaunti hazina mtu. Kwa hiyo aweke bima, au jumuiya iweke mfuko wa kudumu wenye daftari moja na mweka hazina mmoja, kuliko kupitisha bakuli kila mara mwenzetu anapoanguka.

Na wako wale ambao hawawezi kurudi. Baadhi yetu tunaoandika ukurasa huu tulitoka kwa kukimbia, na majina yetu bado yako kwenye vitabu vya watu wasiotutakia mema. Tumeshasikia mara nyingi, kwa nia njema kabisa, "Msijali, tutawarudisha hata mkiwa ndani ya sanduku." Tunashukuru. Lakini mtu ambaye mkewe hawezi kumsindikiza hadi uwanja wa ndege wa kwao bila kuhojiwa, mtu ambaye kaburi lake litakuwa na askari kuliko waombolezaji, ana haki ya kusema azikwe hapa, watoto wake waweze kulizuru siku ya sikukuu kwa basi namba 10. Akisema hivyo asiambiwe amewatupa wazee wake. Tunaiandika sentensi hii kwa ajili yetu pia, na mama wa maandazi akiisoma atatukaripia.

Kibao cha mwenzetu tulipewa tuondoke nacho baada ya mishumaa kuzimwa. Mjane wake amesema atakitundika ukutani, pembeni mwa picha ya harusi. Kiko hapa mezani, kimefungwa ndani ya gazeti la zamani. Msomaji yeyote anayesafiri kwenda Kigoma kabla ya mwaka kuisha, mwenye nafasi ya kitu kidogo kuliko kiganja katika mzigo wake, atuandikie.